Oda moja, ankara mbili: shida iko wapi?

SWALI: Habari zenu, kampuni yetu ina mfumo wa mauzo, wa stoo na wa uhasibu, tumeiunganisha kwa programu ya klaudi inayopitisha data kwenye API (mlango wa programu kuzungumza na programu nyingine), sasa mbona oda moja saa nyingine inazaa ankara mbili, na kazi zikichanganya tunapata erori 429? Fundi anasema tununue programu nyingine.

JIBU: Msinunue kitu kwanza. Hiyo ya ankara mbili mara nyingi inakuwa hivi, programu inatuma oda, uhasibu unaipokea na kuiandika, ila jibu linapotea njiani, basi programu inadhani haikufika inatuma tena, na uhasibu nao haujui kama ni ileile unaandika nyingine. Dawa yake kila oda ipewe namba ya pekee hukohuko inakotoka, uhasibu ukiiona mara ya pili urudishe jibu la mwanzo tu, usiandike upya. API nyingi za malipo ndo zinavyofanya. Kuuliza kwanza "namba hii ipo?" kisha kutuma kunasaidia kiasi, ila maombi mawili yakifika kwa pamoja yote yanajibiwa "haipo" na yote yanapenya.

429 sio ubovu, seva inasema mmeomba kupita kiwango. Wekeni foleni katikati ili maombi yaende kwa zamu, na jibu likija na Retry-After (seva inataja msubiri muda gani) subirini muda uliotajwa, kama haipo basi kila mkijaribu tena muongeze muda wa kusubiri.

Halafu, ingawa hamjauliza, kila mfumo uwe na ufunguo wake wa API (msimbo wa siri wa kuingilia), maana ukivuja mmoja mnaufuta huo tu na mingine inaendelea na kazi.