Wale chungu wakata majani hatuna Mwanza, ila kumbikumbi tunao

Mleta mada umeuliza wale chungu wa kwenye video wanaobeba vipande vya majani kama wapo huku kwetu, na malkia wao anaanzaje kundi jipya akiwa peke yake. Hawapo mkuu, wale ni wa mabara ya Amerika, toka kusini mwa Marekani mpaka Argentina huko. Sisi tuna mchwa, nao wanalima uyoga vilevile, ila namna ya kuanza ni tofauti na hapo ndo mimi nilichemka.

Nilikuwa nimesoma habari za yule malkia wa Atta, aina mojawapo ya hao wakata majani. Kabla hajaruka anachukua kipande cha kuvu ya kwao, ile wanayoilima kwa yale majani, anakificha kwenye kifuko cha ndani ya mdomo, anapandwa na madume kadhaa hukohuko angani, akishuka anadondosha mbawa, anachimba, anajifungia, anatema ile kuvu na kuiwekea kinyesi chake kama mbolea. Hatoki kutafuta msosi, anatumia mafuta ya mwilini na misuli ya mbawa ambayo haina kazi tena, alafu mayai mengi anayotaga sio ya kuanguliwa, ni chakula chake na cha wanawe. Mwezi na nusu mpaka miwili hivi ndo vibarua wa kwanza wanatokea, baadaye wanafungua mlango kwenda kukata majani. Kuvu ikimfia kabla ya hapo, kwisha habari yake.

Bas nikajua na kumbikumbi ni hivohivo. Vuli moja hapa Nyegezi wametoka jioni hata taa ya barazani haionekani, watoto wako bize na mabeseni (wakaange kwa chumvi tu, mafuta wanayo wenyewe), mimi nafuatilia wawili walioshadondosha mbawa, jike mbele dume kamganda nyuma, wakaingia ardhini pembeni ya jiwe nikachomeka kijiti. Wife ananiuliza umedondosha hela? Wiki kama tatu mbele nikafukua kwa kisu taratibu, nakuta kachumba, wapo wawili na mayai machache, uyoga hakuna. Nikadhani nimewaharibia.

Kumbe ndo walivo. Mchwa wetu wengi hawatoki kwao na mbegu ya uyoga, ni aina chache tu ambazo mzazi mmoja anabeba. Watoto wa kwanza wanalelewa kwa akiba ya miili ya wazazi, wakikomaa wanatoka kuleta nyasi na majani makavu, na humo wanazoa ile mbegu kama vumbi ya uyoga unaochipua kwenye vichuguu vikubwa, inapita tumboni inaota kwenye kinyesi wanachojengea bustani. Yaani ule uyoga wa kichuguu tunaogombania kuchuma ndo mbegu ya majirani.

Alafu dume. Kwa chungu anakufa akishapanda tu, kwa mchwa mfalme anakaa chumbani na mkewe miaka yote, sema watu wakibomoa kichuguu wanamshangaa malkia mnene kama kidole, mzee wa watu pembeni hawamuoni.

Ukitaka kujaribu subiri vuli, na chomeka vijiti hata ishirini, maana kuku watafukua karibu vyote.