Mwenye vocha ya Section 8 kaniomba nyumba, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dada, pole na majukumu. Mimi nilikulia kambini Nyarugusu, saizi niko Columbus, Ohio, na mwaka huu Mungu kajalia nimenunua nyumba ya pande mbili, upande mmoja tunaishi sisi na upande wa pili nataka kupangisha. Kaja mama mmoja wa watoto watatu ana vocha ya Section 8, ule msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba. Hapa kazini wamenichanganya kabisa, mmoja anasema serikali inalipa yote we kaa tu upokee hela, mwingine anasema hao wataibomoa nyumba na ofisi ya hauzing inayotoa vocha haitajali. Nataka dola 1,600 kwa mwezi ila mama ana wasiwasi ofisi haitapitisha zaidi ya 1,450, akaniambia hiyo 150 atakuwa ananipa mkononi. Alafu mdogo wangu wa kike naye ana vocha, si bora nimpe yeye? Baba Mapacha, Columbus.

JIBU: Marahaba Baba Mapacha, na hongera sana, kutoka Nyarugusu mpaka kuwa mwenye nyumba Ohio si safari ndogo.

Naanza na hiyo 150 kwa sababu ndo imenitia hofu. Usiipokee. Utakaposaini mkataba na ofisi ya hauzing unakubali kwamba kodi ni ile waliyoipitisha na hakuna kingine unachochukua kwa mpangaji juu yake, iwe mkononi, iwe kwa simu, iwe kwa jina la paking. Ikigundulika unaweza kudaiwa urudishe na kufungiwa usipangishe tena kwa vocha, na yule mama naye anaweza kunyang'anywa vocha ambayo pengine kaisubiri miaka. Yeye anakuahidi kwa vile anatafuta pa kulaza watoto, wewe ndo wa kumwambia hapana mama, tusifanye hivo.

Badala yake tetea bei yako mapema. Ofisi hupima kodi kwa kulinganisha na nyumba za kawaida za mtaa huohuo ambazo hazina msaada, kwa iyo tafuta matangazo matatu manne ya nyumba za vyumba kama vyako, uyapeleke pamoja na fomu ya kuomba ofisi ipitishe nyumba yako, na ueleze kama umeme na maji unalipa wewe au mpangaji maana hilo linabadilisha hesabu. Kuna kikomo kingine pia: mara nyingi mpangaji anachangia kama asilimia 30 ya kipato chake baada ya makato yanayoruhusiwa na ofisi, na wakati wa kuingia, kodi ikizidi kiwango ambacho ofisi imekiweka kwa vocha yake, mchango wake hauruhusiwi kupita asilimia 40 ya kipato hicho. Kwa hiyo hata bei yako ikiwa ya haki, kwa kipato chake inaweza isipite. Hapo unachagua kushusha au kumwachia akatafute kwingine.

Sasa hilo la serikali inalipa yote. Hapana, mara nyingi unalipwa na watu wawili. Tuseme kodi ni 1,450 na mama kapangiwa 400, ofisi itakuletea 1,050 kwenye akaunti na hizo 400 unamdai yeye mwenyewe kama mpangaji yeyote. Na shika hili, sehemu ya ofisi ikichelewa au ikikatwa huwezi kumgeukia mama umwambie alipe, hilo deni sio lake.

Na inakatwa kweli! Nyumba inakaguliwa kabla hawajaanza kulipa, na baada ya hapo wanarudi kila mwaka au kila baada ya miaka miwili. Kitu cha hatari kwa maisha unapewa saa 24 kurekebisha, vingine siku 30, ukipitisha hapo kwa kosa lako malipo yanasimama na hela ya siku hizo hairudi. Mimi mara ya kwanza nilifeli kwa kengele ya moshi isiyolia na dirisha moja la chumbani lisilofunga, vitu vya siku moja tu dukani, lakini kumpata inspekta arudi ilinichukua karibu mwezi mzima na mpangaji wangu alikuwa analala kwa shemeji yake na watoto. Mpaka leo naumia nikikumbuka. Kwa iyo zunguka nyumba yako mwenyewe kwanza, soketi zote, maji ya moto, reli za ngazi, kengele za moshi. Na kama imejengwa kabla ya 1978, na mama ana mtoto chini ya miaka 6, rangi inayobanduka watakufelisha, maana rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi (lead) na hiyo inaharibu akili za watoto. Hata wa kwako, angalia.

Kuhusu kubomoa nyumba, ofisi inathibitisha tu kwamba mtu anastahili vocha, haikuchagulii mpangaji. Kumchunguza ni kazi yako: piga simu kwa wenye nyumba wake wawili wa mwisho, uliza alilipa, aliachaje nyumba. Vigezo viwe vilevile kwa kila anayeomba, na usimkatae kisa ana watoto. Chukua dipositi kutoka kwake kama unavyochukua kwa wengine, piga picha kila chumba siku ya kuingia, maana uharibifu ofisi hailipi. Ila mwenye vocha akifukuzwa na mahakama kwa kuvunja mkataba vibaya anaipoteza, ndo maana wengi niliowapangisha wamekaa miaka na nyumba wanaitunza.

Mdogo wako je? Kama ni wa tumbo moja, haiwezekani. Mzazi, mtoto, babu, bibi, mjukuu, kaka na dada hawaruhusiwi, labda nyumbani kwake kuna mlemavu na ofisi ikaridhia kwamba nyumba yako ndo inamfaa. Lakini sisi tunaita wote ndugu, na hapo watu wengi wanajikwamisha. Mtoto wa mama mdogo kwetu ni dada, kwao ni binamu, na binamu hayumo kwenye hiyo orodha. Ukiulizwa eleza undugu wenyewe jinsi ulivyo, usiseme tu dada yangu.

Huyo mama muulize leo vocha yake inaisha tarehe ngapi. Kwa kawaida anapewa angalau siku 60 za kutafuta, na huwezi kujua zimebaki ngapi. Ukiona zimebaki chache peleka fomu kwanza, rangi utapaka wakati mnasubiri inspekta.