Nina PCOS: je, kaka zangu na mdogo wangu wanahusika?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 29, naishi Igoma, Mwanza. Mwaka jana nilikaa miezi mitano bila kuona siku zangu, nikapimwa nikaambiwa nina PCOS, yaani ovari zenye vivimbe vingi. Mama ana kisukari na presha. Je, ugonjwa huu ni wa ukoo? Mdogo wangu wa kike ana miaka 15, nimpeleke ultrasaundi? Kaka zangu nadhani hawahusiki. Kuna mama ananiuzia dawa ya kuyeyusha vivimbe na kusafisha kizazi kwa shilingi 90,000.

JIBU: Marahaba. Hizo 90,000 nunulia sato mle nyumbani.

Hakuna vivimbe vya kuyeyusha. Jina la ugonjwa ndilo limetuponza. Vile vidoa vyeusi ulivyoonyeshwa kwenye picha ni vifuko vya mayai, vidogo chini ya sentimita moja, vilivyoanza kukua vikakwama. Tatizo ni homoni. Kwa wengi, mwili unaigomea insulini (homoni inayoshusha sukari kwenye damu), kongosho linazidi kuimwaga, na insulini ikizidi inaisukuma ovari itoe homoni za kiume kupita kiasi. Sasa dawa hiyo iyeyushe nini hapo? Na kizazi hakisafishwi, si sufuria.

Ndiyo, hali hii hutembea kwenye ukoo, na huko kuigomea insulini nako hurithiwa. Kwa hiyo kaka zako wanahusika sana! Ndugu wa damu wa mwenye PCOS, wa kike kwa wa kiume, wana hatari kubwa zaidi ya kisukari cha aina ya pili, presha na mafuta mabaya kwenye damu. Kliniki naletewa binti, mama na shangazi. Kaka aliyewaleta anabaki nje kwenye pikipiki, kitambi kimemtangulia, shingoni ana weusi ambao mkewe anausugua kwa dodoki akidhani ni uchafu. Weusi ule mara nyingi ni insulini hiyo hiyo. Wapimwe sukari na presha.

Mdogo wako usimpeleke ultrasaundi. Katika miaka 8 ya kwanza tangu kuvunja ungo, ovari za wasichana wengi wenye afya huonekana hivyo hivyo, ataandikiwa ugonjwa asio nao. Ila kama mwaka umepita tangu avunje ungo na anapitisha siku 90 bila kuona damu, au anaota ndevu, mlete.

Wewe omba kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 na kupimwa baada ya saa mbili, kwa sababu sukari ya asubuhi inaweza kuonekana safi na ya saa mbili ikasoma 7.8 mmol/L au zaidi, ambayo si ya kawaida. Kipimo kirudiwe kila mwaka mmoja hadi mitatu, hata ukishazaa. Kupata mtoto si kupona.

Wauza dawa wanajua kitu kimoja: ukiona damu utaamini umepona. Ukikaa miezi bila hedhi, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unanenepa, na miaka ikienda hivyo hatari ya saratani ya ukuta huo inapanda. Hospitali tunaushusha kwa vidonge vya homoni, kwa mpango. Wao hawajui wanashusha nini. Nimepokea wanawake kutoka Ukerewe na Sengerema waliovuja damu wiki tatu, viganja vyeupe kama karatasi, chupa ya nne bado imefungwa kwenye kanga, wakiniuliza kama wanaweza kuichanganya na dawa zangu.

Kama ulishaanza kuinywa, iache leo, na siku ya kuja njoo na chupa yenyewe.