Mbalamwezi haimo kwenye programu: kwa watakwimu wapya

Ninyi mnaoanza kazi ya kuondoa athari za msimu katika takwimu za uchumi mtazoea upesi kuendesha X-13ARIMA-SEATS ya Ofisi ya Sensa ya Marekani, au JDemetra+ iliyotengenezwa na Benki Kuu ya Ubelgiji. Lakini kila programu huja na kalenda ya walioitengeneza: ile ya Marekani inaijua Pasaka na hata Sikukuu ya Shukrani ya kwao, ilhali Idd haimo mpaka uiingize mwenyewe.

Mimi nilijifunza hilo kwa dagaa. Hapa Mwanza dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na siku hizi balbu za sola. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Takwimu nilizopewa zilihesabu dagaa walioshushwa mwaloni, yaani mahali pa kushushia samaki ufukweni, katika wiki ya katikati ya kila mwezi. Programu ilitambua vizuri athari ya mvua, ambayo huwakwamisha waanikaji, kwa sababu mvua hurudi katika miezi ile ile. Mwezi wa angani haufuati mpango huo: mzunguko wake ni siku 29 na nusu, kwa hiyo kila mwezi wiki yetu ilichelewa kama siku moja kwa hesabu ya mwezi wa angani, ikatoka gizani, ikaingia kwenye mbalamwezi, kisha ikarudi gizani baada ya karibu miezi 33. Mwendo wa polepole namna hiyo programu huuweka kwenye mwelekeo mkuu, si kwenye msimu. Nami nikauandikia aya tatu juu ya kupanda na kushuka kwa biashara, hadi mzee mmoja wa mwaloni aliponiuliza kama huwa natazama juu.

Andaeni safu ya ziada yenye idadi ya usiku wa giza katika wiki ya kuhesabu, kila namba iondoeni wastani wa miaka yote, kisha muiingize safu hiyo kabla programu haijaanza kutenganisha msimu. Wiki ambayo dagaa walioshushwa ni sifuri haiwezi kupigiwa logi, hivyo tumieni njia ya kujumlisha athari badala ya kuzizidisha. Safu hiyo ijazeni pia kwa miezi yote ya mbele mnayotabiri, la sivyo X-13ARIMA-SEATS itagoma. Tarehe za mwezi mpevu zinajulikana miaka mingi kabla.