Wakuu wa idara wanabishana kila Jumatatu: niwapeleke Bagamoyo?

SWALI: Tunasambaza bidhaa za dukani hapa Dar es Salaam. Mkuu wa Mauzo anataka wateja wa jumla wa Kariakoo wakopeshwe kwa siku 60, Mkuu wa Fedha hataki kuvuka 30. Kila kikao ni mabishano. Kuna mhamasishaji anasema atawapatanisha kwa siku mbili Bagamoyo. Nimlipe? – Meneja Mkuu, Temeke

JIBU: Usimlipe, Ndugu Meneja. Mauzo anapimwa kwa mzigo unaotoka ghalani, Fedha kwa pesa inayoingia benki. Malengo waliyopewa yanagongana, na kuvuta kamba ufukweni hakuyabadilishi.

Weka swali moja kwenye ajenda: mteja gani apewe siku 60, na deni lake liishie wapi? Siku mbili kabla ya kikao, Fedha alete orodha ya madeni kwa umri wake: hadi siku 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, na yaliyozidi hapo. Mauzo alete oda za wateja haohao, jina kwa jina. Kikaoni, Fedha aanze kwa kueleza hoja ya Mauzo mpaka mwenzake akubali, "Ndivyo ninavyosema." Kisha wabadilishane. Hatua hii usiiruke. Mara nyingi ndipo inapoonekana kwamba ubishi wote ni wa wateja wanne au watano. Wewe sema mwisho, maana bosi akishatoa msimamo wengine hufunga madaftari. Kisha amua, na muhtasari utaje wateja, ukomo wa deni, anayefuatilia, tarehe ya kupitia upya, na kipimo cha kusitisha: mfano, anayechelewa mara mbili anarudi siku 30.

Kinachonichosha ni imani kwamba menejimenti nzuri haibishani. Wakuu wakinyamaza kikaoni, hoja imehamia koridoni na WhatsApp, na utaisikia mzigo ukishatoka. Wauza upatanisho hawatenganishi hoja na ugomvi. Wewe tenganisha: "hesabu hii haijakaa sawa" iache iendelee, ikifika "wewe na watu wako", simamisha kikao, umwite aliyesema siku hiyohiyo, peke yake. Matusi ni suala la nidhamu, lina utaratibu wake.

Na usimwite kila mmoja pembeni ukamwambia yuko sahihi. Njia hii ya mkato ndiyo inayovunja timu nyingi kuliko makelele yoyote: siku wakilinganisha ulichowaambia, hawatagombana tena wao kwa wao, na hakuna atakayekuletea hesabu ya kweli.