Barazani na Maalim: Jenerali aliyeipindua nchi akairudisha kabla ya Idi

Barua za mara hii karibu zote ni Afrika Magharibi, sijui ndo TV za kwenye saluni za kunyolea au ni hizo simu zenu, ila nimezipenda. Nyengine nimezikata, mana mtu kaandika kurasa tatu na swali lenyewe liko mstari wa mwisho. Haya, bismillahi.

*Assalamu alaykum Maalim. Disemba 2025 tulisikia Benin wanajeshi wametokea kwenye TV wakasema rais kaondoshwa, hata siku haijesha tukaambiwa yameshindikana. Sasa mzee mmoja hapa kwetu barazani anasema hiyo si kitu, kubwa ni ile ya Burkina Faso ya 2015, ati wananchi wenyewe ndo walowashinda askari. Mie 2015 nilikuwa skuli sikumbuki lolote. Ilikuwaje? – Kijana wa Wete, Pemba*

Waalaykum salaam mwanangu. Mzee wenu kasema kweli, na hapa ntakwenda kwa urefu mana hichi ni kisa khasa.

Burkina Faso ilikuwa na rais akiitwa Blaise Compaoré, kakaa miaka 27, tokea 1987 alipouliwa rafiki yake Thomas Sankara, aliyekuwa rais kabla yake. Oktoba 2014 wananchi wakamtoa kwa maandamano, nimelieleza kwenye jibu la Bi wa Makunduchi hapo chini. Ikawekwa serikali ya mpito, rais Michel Kafando, balozi mstaafu, waziri mkuu Isaac Zida, mwanajeshi, na uchaguzi ukapangwa 11 Oktoba 2015. Tatizo Compaoré kaondoka yeye lakini kaacha kile kikosi chake cha kumlinda, RSP, watu kama 1,300, wana silaha na marupurupu ambayo askari wa kawaida alikuwa akiyasikia tu, na kambi yao iko nyuma ya ikulu, yani rais mpya analala jirani na walinzi wa rais wa zamani. Na watu wanawaogopa, mana mwaka 1998 mwandishi wa habari Norbert Zongo alikutwa kauliwa na kuchomwa ndani ya gari wakati akichunguza kifo cha dereva wa mdogo wake rais, na tokea hapo kila mtu alikuwa anakitazama kikosi hicho.

Sasa tarehe 14 Septemba 2015 tume ya maridhiano ikatoa ripoti ikasema RSP ivunjwe. Siku mbili tu baadae, Jumatano, mawaziri wako kikaoni, askari wa RSP wakaingia na bunduki wakawashika Kafando na Zida humo humo. Kesho yake akatangazwa Jenerali Gilbert Diendéré kuwa ndo mkuu wa nchi, na huyu ndo mtu aliyekuwa karibu na Compaoré miaka yote ile. Sababu walosema ni kuwa sheria mpya ya uchaguzi imewazuia watu wa Compaoré kugombea. Kwa haki ya Mungu hoja hiyo haikuwa ya uongo, hata mahakama ya ECOWAS, ile jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ilishasema sheria ile haiko sawa, lakini mtu mwenye kesi nzuri mahakamani haendi kumteka hakimu.

Walichokosea hesabu ni watu. Vijana wa Ouagadougou, mji ambao kila nyumba ina pikipiki, wakaziba njia kwa matairi na mawe, vyama vya wafanyakazi wakaita mgomo, maduka yakafungwa. RSP wakapiga risasi, wakafa watu 14 hivi na waliojeruhiwa wakapita 250. Watu hawakuingia ndani. Na RSP wote wako mji mkuu, huko mikoani hawana mtu! Bobo-Dioulasso, mji wa pili kwa ukubwa, wananchi wakenda kusimama mbele ya kambi ya jeshi la kawaida kuwauliza wale askari nyinyi mnangoja nini, na tarehe 21 vikosi vya mikoani vikaanza safari kuelekea Ouagadougou huku watu wamejipanga kando ya njia wanawashangilia. Usiku wa kuamkia tarehe 23 maofisa wa pande mbili wakatia saini makubaliano mbele ya Mogho Naaba, mfalme wa Wamossi, mtu asiye na cheo chochote serikalini lakini akisema kaeni mnakaa. RSP warudi kambini, jeshi lisogee nyuma kilomita 50. Tarehe 23 Kafando karudishwa kwenye kiti, na kesho yake ikawa Idi el-Haji. Wenyewe kule wakayabandika jina, mapinduzi ya kijinga kuliko yote duniani.

Mie nnavyoona, kilichowashinda RSP si vifaru vya mikoani, vile vilikuja siku ya tano. Watu walikuwa na kitu chao mkononi, uchaguzi uliobakia wiki tatu na kitu, waliupata kwa damu yao wenyewe, na mtu kaja kuwapokonya mchana kweupe. Lishike hilo mana ntalirudia kwa mzazi wa Mwanakwerekwe.

*Maalim kwema? Mjukuu wangu kanionesha picha kwenye simu, wanawake wa huko Burkina wanaandamana wameinua miko ya kusongea juu juu. Nikamwambia hawa wana harusi, akanambia bibi hiyo siasa. Siasa gani ya miko? – Bi mkubwa, Makunduchi*

Kwema Bi mkubwa, alhamdulillahi. Mjukuu kasema kweli. Kule chakula cha kila siku wanakiita tô, ni ugali wa mtama au mahindi, unasongwa na mwiko mkubwa kuliko hii yetu, na mwanamke akimuinulia mwanamme mwiko ule basi ni balaa, ni kama kamlaani. Tarehe 27 Oktoba 2014 wanawake wakatoka nao barabarani Ouagadougou kumuinulia rais. Mana Compaoré alikuwa anataka kuibadilisha ibara ya 37 ya katiba ili agombee tena, baada ya miaka yote ile! Kesho yake wakatoka watu wasiohesabika. Tarehe 30, siku ambayo wabunge walikuwa wapige kura, watu wakalivamia bunge na likachomwa, tarehe 31 rais kajiuzulu akakimbilia Ivory Coast. Walikuwepo na vijana wa Balai Citoyen, kikundi cha wanamuziki Smockey na Sams'K Le Jah, hao wao walikuja na mifagio, na alipoondoka rais watu wakatoka na mifagio kufagia mji kweli kweli, takataka na majivu ya matairi.

Lakini Bi, hasira ile haikuota usiku mmoja. Februari 2011 kuna mwanafunzi wa mji wa Koudougou akiitwa Justin Zongo alikufa baada ya kupigwa na polisi, serikali ikasema kafa kwa homa ya uti wa mgongo. Fikiria mzazi anaambiwa vile na mwili anauona. Skuli zikawaka nchi nzima, halafu Aprili askari wenyewe wakaasi kwa ajili ya posho, hata wa kikosi cha rais, na usiku mmoja Compaoré ikabidi aondoke Ouagadougou akalale kijijini kwao Ziniaré. Angeondoka kwa heshima mwaka ule saivi tungekuwa tunaandika mengine.

*Maalim, kwani hawa wapinduaji lazima waende redioni na TV? Siku hizi si kila mtu ana WhatsApp? – Fundi simu, Mkoani*

Fundi, wazee wetu hapa Unguja mwaka 1964 walimjua John Okello kwa sauti redioni kabla hawajamuona sura, kwaiyo hili si geni kwetu. Anayeshika redio anataka watu waamini kuwa yameshakwisha, na wakiamini basi kweli yamekwisha. RSP walilijua hilo, wakavamia vituo vya binafsi vikanyamaza. Wakamkosa mtu mmoja tu, Chérif Sy, spika wa bunge la mpito, na kazi yake ya asili ni mwandishi wa habari, sasa huyo ndo wa kumuacha nje? Akajificha, akatangaza kuwa rais akishikwa kaimu ni yeye, na ikafunguliwa redio ya msituni kwenye 108 FM inawaambia watu wasiingie ndani. Wasaap iliwasaidia sana kujuana wapi njia imezibwa, ila ile sauti hewani ndo iliyoonesha kuwa serikali bado ipo mahali.

*Assalamu alaykum. Mwanangu wa kiume kutwa yuko na video za Traoré wa Burkina Faso, mara kajenga hiki mara wasanii wakubwa wa Marekani wamemuimbia. Ananambia mama, Afrika inataka mapinduzi. Ikiwa 2015 hao watu walikataa kupinduliwa, mbona saivi wanashangilia? Au mie ndo sielewi? – Mzazi, Mwanakwerekwe*

Waalaykum salaam mama. Unaelewa sana, na swali lako ndo bora kuliko yote humu.

Kwanza zile nyimbo. Nyingi zimetengenezwa na kompyuta, sauti ya msanii inaigwa, mwenyewe wala hana khabari. Mwambie kijana atafute kama msanii kaiweka kwenye ukurasa wake mwenyewe, ataikosa.

Sasa hilo la kushangilia. Uchaguzi ulisogezwa mbele ukafanyika Novemba 2015, akashinda Roch Marc Christian Kaboré kwa asilimia 53, watu wakafurahi. Lakini makundi yenye silaha yaliyojipa jina la jihadi yakaanza kuvuka kutoka Mali, vijiji vikachomwa, na wanaouliwa wengi Waislamu wenzao. Juni 2021 kijiji cha Solhan wakauliwa watu zaidi ya 130 usiku mmoja. Novemba mwaka ule ule kituo cha askari cha Inata kikavamiwa wakafa askari wapatao 50, na kabla ya hapo walikuwa wameshaandika kwa wakubwa kuwa chakula kimekwisha wiki mbili, wanaishi kwa kuchinja wanyama wanaokuta jirani. Mama, askari wa nchi yenye migodi ya dhahabu anakufa na njaa yake. Basi Januari 2022 Luteni Kanali Damiba alipomtoa Kaboré nani atoke kuweka matairi barabarani? Ile kura ya 2015 mtu haioni tena kama chake. Na Damiba naye hakuweza, miezi minane tu, 30 Septemba 2022 akatolewa na Kapteni Ibrahim Traoré, kijana wa miaka 34.

Mie simlaumu mwanao kumpenda mtu anaewajibu Wafaransa, hata barazani kwetu wapo wengi. Ila muulize swali moja. Traoré alikuta ahadi ya uchaguzi Julai 2024, Mei mwaka huo ukaongezwa muda miaka mitano. Wakili Guy Hervé Kam, mmoja wa waasisi wa wale wa mifagio waliomtoa Compaoré, kakamatwa Januari 2024, na wenzake kikundini wamechukuliwa wakapelekwa vitani mstari wa mbele. Sasa akikosea huyu kapteni, mwiko atauinua nani? Na vijiji bado vinaungua.

*Kwa nini ECOWAS 2015 walitaka kumsamehe yule jenerali na Benin wakatuma ndege? Au ndo mwenye nguvu mpishe? – Mwanachuo, Tunguu*

2015 walikuja marais wa wakati ule, Macky Sall wa Senegal na Yayi Boni wa Benin, kupatanisha, wakatoka na rasimu kuwa wapinduaji wapewe msamaha na watu wa Compaoré waruhusiwe kugombea. Watu wa Ouagadougou wakaiona tusi, na nadhani hiyo rasimu ndo ilowaudhi mpaka maofisa wa mikoani. Baadae Mali, 2020, Guinea, 2021, Burkina na Niger zote zikapinduliwa, na Januari 2025 Mali, Burkina na Niger wakajitoa kabisa, kwaiyo Disemba 2025 pale Benin jumuiya ilikuwa haina tena nafasi ya kubembeleza. Nigeria kapeleka ndege za kivita, ECOWAS ikatangaza kupeleka askari, na Luteni Kanali Pascal Tigri na wenzake wakashindwa siku hiyo hiyo.

Lakini mwanachuo, tazama tofauti. Benin hukuona watu wakiziba njia kumtetea Rais Talon. Mwezi mmoja nyuma katiba ilibadilishwa muhula ukatoka miaka mitano ukawa saba, chama kikuu cha upinzani kikazuiwa kusimamisha mgombea urais kwa kukosa wadhamini, na wale askari walilalamikia wenzao wanaokufa kaskazini. Ndege zimekwisha kazi zimerudi Nigeria, manung'uniko yako pale pale.

*Maalim, huyo Diendéré yuko wapi saivi? – Msomaji, Chake Chake*

Aliposhindwa alikiri mbele ya waandishi kuwa kufanya mapinduzi lilikuwa kosa. RSP ikavunjwa 25 Septemba, baadhi wakagoma kutoa silaha, tarehe 29 kambi yao ikapigwa na jeshi, yeye akajificha kwenye ubalozi wa Vatikani na 1 Oktoba akajisalimisha. Kesi ikachukua muda, Septemba 2019 mahakama ya kijeshi ikampa miaka 20. Halafu Aprili 2022 ikamuongezea kifungo cha maisha kwa mauaji ya Sankara. Compaoré nae kapewa maisha kwa kesi hiyo hiyo, lakini yeye yuko Ivory Coast na uraia wa huko anao. Julai 2022 Damiba alimwita Ouagadougou kwa jina la maridhiano, akaja, wala hakuna aliyemtia pingu, akapanda ndege akarudi zake Abidjan.