Umekabidhiwa klabu ya mazingira? Anza na bomba linalovuja

Klabu ya mazingira ina tabia ya kumwangukia mwalimu aliyeingia shuleni juzi. Michezo ina mwenyewe, kwaya ina mwenyewe, mazingira yanabaki mezani yakimsubiri mgeni. Mimi nilikabidhiwa katika kikao changu cha kwanza, kabla sijajua hata stoo iko wapi. Niliipokea kwa shangwe, nikaiendesha vibaya miaka miwili mizima. Haya ni yale ambayo ningependa mtu angenikalisha chini akaniambia wiki ile.

Nianze na miche, maana ndiko kila mlezi mpya anakokimbilia. Siku ya Mazingira Duniani huadhimishwa Juni 5, nami nikaona hapo ndipo pa kuonyesha kwamba klabu imepata mtu. Tulipanda miche 60 asubuhi moja. Wageni walikuja, nyimbo zikaimbwa, kila mgeni akapigwa picha na mche wake. Wiki chache baadaye shule ikafungwa. Tuliporudi nilizunguka na daftari kuhesabu iliyo hai: 9. Mingi ilikuwa imekauka, mingine imeliwa na mifugo, na michache niliyoichimbua ili niichunguze niliikuta bado imevaa kiriba chake cha plastiki chini ya ardhi. Wageni hawakuambiwa wakichane kwanza. Wa kuwaambia nilikuwa mimi, na wakati huo nilikuwa nahangaika na spika.

Baadaye nilisoma kwamba mwanamazingira Wangari Maathai alipoanzisha vuguvugu la kupanda miti la Green Belt nchini Kenya mwaka 1977, kina mama waliootesha miche walipewa malipo madogo kwa kila mche ulioshika. Ukipandwa ukafa, hakuna kitu. Nilicheka peke yangu, kwa sababu kwa kipimo hicho mimi ningelipwa kwa 9.

Mwaka uliofuata tulipanda minane tu, na hatukuipanda Juni 5. Tarehe hiyo haijui mvua za mahali ulipo zinaanza lini. Sherehekea siku hiyo kwa jambo jingine kama mvua hazijafika. Mashimo tuliyachimba wiki mbili mapema, udongo wa juu tukauweka kando ili urudi karibu na mizizi. Tuliweka matandazo ya majani makavu kuzunguka kila mche, yasiguse shina, maana yakigusa shina huoza. Kila mche ulikuwa na watoto wanne, wawili kati yao wakiwa wale wanaoishi karibu na shule, na hao ndio waliomwagilia likizo yote. Darasa la pili waliupa mche wao jina na kuugombeza ulipochelewa kutoa jani jipya. Mwaka ulipoisha, miche saba ilikuwa hai. Kwenye ubao wa matangazo tuliandika miche hai 7, uliokufa 1, na chini yake sababu ya kifo kwa maneno ya watoto wenyewe: "Tulisahau wikendi mbili."

Sasa jambo ambalo nitalisema kwa ukali kidogo. Usikubali kazi ya bustani iwe adhabu. Mwanzoni waliochelewa shule walikuwa wakiletwa kwangu wamwagilie, nami nikafurahia kupata mikono ya bure. Haukupita mwezi, kila mwanaklabu aliyeonekana na ndoo akawa anaulizwa na wenzake, "Umekosa nini?" Watoto wakaanza kukwepa zamu zao, na wawili waliokuwa hodari kuliko wote wakahamia kwaya. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamwomba aniondolee wale wachelewaji. Alinielewa, lakini ilichukua karibu mwaka mzima kwa ile ndoo kusafishika jina. Vivyo hivyo kuokota taka: mtoto aliyeokota taka kwa sababu alipiga kelele darasani amefundishwa kwamba taka ni za wakosaji.

Kama una muhula mmoja tu wa kuonyesha kitu, usianze na miti wala bango. Tafuta bomba linalovuja. Kila shule yenye maji ya bomba ina koki moja inayodondosha na ambayo watu wazima wameshaacha kuiona. Wape watoto wa darasa la tano au la sita kikombe cha kupimia na saa. Wakinge matone kwa dakika kumi, wasome mililita, kisha wazidishe kwa 144, kwa sababu siku ina dakika kumi mara 144. Waache wenyewe wagundue hiyo 144 inatoka wapi. Koki inayotoa tone moja kila sekunde hukupa takriban mililita 30 kwa dakika kumi. Hiyo ni lita 4.32 kwa siku, na kwa mwaka zaidi ya lita 1,500. Sisi tulipofika kwenye hesabu ya mwaka, mtoto mmoja alisimama akaenda kuikaza ile koki kwa mkono, akarudi kukaa. Haikusaidia, washa yake, kile kipete cha mpira kinachozuia maji, ilikuwa imekwisha, lakini nilijua somo limeingia.

Kilichofuata ndicho kilichonifundisha zaidi. Watoto waliandika barua kwa mwalimu mkuu, wakaweka jedwali lao. Fundi alikuja baada ya siku tatu. Mimi nilikuwa nimelisema bomba hilo kwenye vikao viwili bila mafanikio. Baada ya fundi kuondoka wakapima tena: sifuri. Mtoto wa miaka kumi aliyeona namba ikishuka hadi sifuri kwa sababu ya barua yake hahitaji hotuba yangu kuhusu maji.

Namna hiyo hiyo unaweza kwenda kwenye mvua. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita mraba moja ni lita moja kamili. Wapime paa la darasa kwa hatua au kwa utepe: mita 20 kwa 8 ni mita mraba 160, hivyo mvua ya milimita 10 inamwaga lita 1,600 juu ya vichwa vyao wakiwa wanasoma. Mengine hupotea njiani, lakini baada ya hesabu hiyo, swali la "mbona hatuna tangi?" litatoka kwao. Ukilipata hilo tangi, lifunikwe. Maji yaliyotuama wazi huzaa mbu, na katika joto yai la mbu linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku saba hadi kumi. Matairi na makopo ya kupandia maua nayo yatobolewe chini.

Mashindano ya kukusanya chupa za plastiki nakuomba uyaogope. Niliyaandaa mara moja, darasa litakaloleta kilo nyingi lipate zawadi. Siku ya pili zilianza kuja chupa safi mno. Siku ya tatu nilimkuta mtoto nyuma ya darasa akimwaga chini kinywaji ambacho hakijaguswa ili apate chupa, na mwingine akakiri kwamba nyumbani wamenunua katoni nzima. Tulikuwa tumetengeneza taka kwa ajili ya siku ya kupunguza taka. Zawadi ikifuata uzito wa kilichokusanywa, watoto watauongeza uzito. Ndivyo akili zao zinavyofanya kazi, na ni akili nzuri.

Siku hizi tunageuza hesabu. Mara moja kila muhula tunamwaga taka za siku moja juu ya turubai, watoto wakiwa na glavu, mimi nikiwa nimetangulia kutoa vioo, nyembe na chochote chenye ncha. Tunatenga mafungu: karatasi, plastiki, mabaki ya chakula na maganda, vinginevyo. Kila fungu linapimwa. Darasa linalosifiwa ni lile ambalo fungu lake limepungua kuliko muhula uliopita. Mara ya kwanza fungu kubwa kuliko yote lilikuwa karatasi, na nusu yake zilikuwa zimeandikwa upande mmoja tu. Kuona hivyo ofisi ya walimu nayo ilibidi itazame pipa lake. Sitasema tulikuta nini humo.

Mabaki na maganda yakishatengwa, umepata malighafi ya mboji. Lundo langu la kwanza lilinuka hadi jirani wa shule akaja kulalamika, na alikuwa na haki. Nilikuwa nimejaza vitu vibichi vitupu. Kanuni ambayo hata darasa la tatu wanaishika ni ya kijani na kahawia: ndoo moja ya vibichi, yaani maganda, magugu na majani mabichi, kwa ndoo mbili au tatu za vikavu kama majani makavu, maranda ya mbao au karatasi zilizochanwa. Unyevu uwe wa sifongo iliyokamuliwa. Likinuka uvundo, limekosa hewa au limelowa kupita kiasi. Ligeuze, ongeza vikavu. Lisipooza, pengine ni kavu mno au ni dogo mno, maana lundo lisilofika kama mita moja kila upande halishiki joto. Nyama, mafuta na vinyesi vya mbwa au paka visiingie kabisa. Lundo zuri hupanda joto hadi nyuzi 55 na zaidi. Tunachomeka fimbo ya chuma katikati, tunaiacha dakika chache, mtoto anaigusa haraka na kuruka nyuma. Wanaulizana nani amewasha moto humo ndani, na hapo ndipo unapowaambia habari za viumbe wadogo wasioonekana wanaokula na kutoa joto. Hakuna picha ya kitabu inayoshindana na ile fimbo.

Jaribio jingine lisilo na gharama: zika jani, kipande cha karatasi, kitambaa cha pamba na mfuko wa plastiki, kila kimoja kwenye shimo lake, ufukue baada ya miezi miwili au mitatu. Weka alama inayodumu. Mimi niliweka vijiti, mtu wa usafi akavichukua, tukachimba nusu ya uwanja tukitafuta plastiki.

Kuna jambo ambalo sikulifikiria hata kidogo nilipoanza, nalo ni hofu. Niliwahi kuwafundisha darasa la tatu kuhusu barafu inayoyeyuka na bahari inayopanda, kwa picha kubwa na sauti nzito. Kesho yake mzazi mmoja alinijia. Binti yake hakulala, alikuwa akiuliza kama nyumba yao itazama usiku. Nilijisikia vibaya sana, kwa sababu nilikuwa nimempa mtoto wa miaka minane mzigo ambao hata mimi siubebi vizuri.

Tangu hapo, wadogo nawafundisha kwanza kupenda na kutazama: siafu wanaelekea wapi, jani hili lina tundu kwa nini, ndege gani amerudi wiki hii. Habari za tabia ya nchi nazipeleka madarasa ya juu, na siziachi bila kazi ya kufanya mkononi. Wakiuliza kama dunia itakwisha, na watauliza, siwadanganyi kwamba hakuna tatizo. Nawasimulia kisa cha tabaka la ozoni. Kulikuwa na kemikali katika majokofu na makopo ya kupulizia zilizokuwa zikilila tabaka hilo linalotukinga na miale mikali ya jua. Wanasayansi wakalisema, mataifa yakakubaliana mjini Montreal, Kanada, mwaka 1987 kuziondoa, na nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa zikaridhia mkataba ule. Tabaka linapona polepole. Watoto hukipenda kisa hiki kuliko nilivyotarajia, nadhani kwa sababu ndani yake watu wazima walifanya walichoahidi.

Utasikia pia kuhusu Eco-Schools, mpango wa kimataifa wa shule zinazotunza mazingira, uliozinduliwa mwaka 1994 kufuatia mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira uliofanyika Rio, Brazil, mwaka 1992. Hata kama shule yako haimo, mpangilio wake wa hatua saba unafaa kuazimwa: kamati yenye watoto ndani yake, ukaguzi wa hali ilivyo, mpango kazi, kufuatilia na kupima, kuunganisha na masomo, kushirikisha jamii, na mwishoni ndipo kaulimbiu ya shule. Angalia ilipo kaulimbiu. Wengi wetu tunaanza na bango la rangi getini, kisha tunatafuta la kufanya.

Kuhusu usalama sina mengi: viatu vilivyofunika vidole, mikono kwa sabuni baada ya kushika udongo, jembe moja moja na nafasi kati yao, na plastiki isichomwe hata kama ndivyo ilivyozoeleka, moshi wake ni sumu.

Mwisho wa kila muhula nina ukurasa mmoja kwenye daftari la klabu ninaoujaza kabla sijafunga mkoba. Nani anamwagilia Jumatatu, nani Alhamisi, mzazi gani amekubali, mlinzi ameambiwa majina ya watoto watakaoingia. Na mstari wa mwisho, ambao niliuongeza baada ya likizo moja ambapo watoto walikuja kila zamu, wakasimama nje ya mlango uliofungwa wakiitazama ndoo kupitia dirishani, wakarudi nyumbani: ufunguo wa stoo uko kwa nani.